Neno la Mwisho la Shitanda

Iguhu, Kakamega
4 Juni 1967

Kwa shemeji Erastus Mukhwana,

Salamu nyingi kutoka kwa mtu ambaye hujawahi kumwona. Mimi ni Roda, mke wa Cornelius Shitanda, dereva wa kikosi chenu. Naandika "mke" kwa sababu hapa nyumbani hawajaniruhusu bado kuandika "mjane". Jina lako na mahali ulipo nimeyapata kwenye barua yake ya mwisho, pale aliposema, "Koplo wangu Mukhwana atapewa shamba la mzungu huko Lugari, tukitoka jeshini tutaenda kumlia mahindi." Usiogope, sikuandikii kwa ajili ya mahindi.

Unajua kuliko mimi kwamba Shitanda alifia kaskazini, kwenye vita na wale waasi wa shifta, Oktoba mwaka juzi. Sisi tuliletewa barua na kofia, mwili ukazikwa huko huko. Kwetu mtu asiyerudi huzikwa kwa shina la mgomba, ili ajue kwao ni wapi. Lakini mgomba hauzikwi hivi hivi. Lazima asimame mtu aliyekuwepo, aueleze ukoo jinsi marehemu alivyoanguka, kisha alitaje neno lake la mwisho. Neno hilo ndilo linalofunga kaburi. Bila shahidi hakuna mazishi, na bila mazishi mimi si mke wala si mjane. Siwezi kunyolewa nywele za msiba, na nyumba ya marehemu haiezekwi upya kabla hajazikwa, kwa hiyo mvua ya mwaka huu imetunyeshea kitandani mimi na binti yangu Teresa.

Kuna wanaosema Shitanda hakufa, ameoa huko na anakunywa maziwa ya ngamia. Wao wanacheka. Mama mkwe anawasikia, na kila jioni anamwekea chakula na kukifunika.

Baba mdogo Cleophas, mkubwa wa ukoo, ametaja tarehe 16 Desemba. Katika watu wote waliokuwa huko, ninayemjua kwa jina ni wewe tu. Njoo usimame. Nauli nitachanga mimi, wewe lete mdomo.

Wako shemeji,
Roda Shitanda


Lugari
29 Juni 1967

Kwa Bi Roda,

Barua nimepata. Pole sana.

Naandika nikiwa nimesimama. Mahindi yanapaliliwa, na hata yasingekuwa yanapaliliwa, siku hizi sikai sana. Nikikaa naona bora nisimame.

Shitanda alikuwa dereva mzuri. Aliuawa na shifta tarehe 19 Oktoba, saa nane mchana, kwenye upepo wa vumbi. Alikufa kishujaa. Hakuteseka. Hayo ndiyo yote, wasomee wazee. Sahihi yangu iko hapo chini, na wakitaka nitaweka na cheo.

Desemba sitaweza. Ni wakati wa kuvuna na huku hakuna wafanyakazi. Halafu kuna mguu. Nimempa mtu wa basi kikombe cha bati cha Shitanda, akuachie Kakamega mjini kwa yule fundi cherehani mliyemtaja. Kimebonyea upande mmoja, kilibonyea zamani, si siku ile.

Usiniite shemeji. Andika Mukhwana.

E. Mukhwana, aliyekuwa Koplo


Iguhu
16 Julai 1967

Kwa shemeji Mukhwana,

Umekataa ushemeji lakini haukataliwi kwa barua, njoo uukatae mwenyewe. Na huo mguu ni upi, wa kulia au wa kushoto? Mtu mwenye mguu mbaya hukaa. Wewe umeniandikia kwamba hukai.

Fundi cherehani mimi sikumtaja. Nadhani ni Shitanda aliyekutajia, maana ndiye aliyemshonea suti ya harusi. Kikombe kimefika. Mama mkwe amekinywea maji, akakifuta, akakiweka chini ya mto. Asante kwa hilo.

Barua yako nimewasomea wazee. Mzee Cleophas alisikiliza mpaka mwisho, akasema karatasi haisimami kaburini. Tena akasema shujaa na hakuteseka ni maneno ya kila barua ya jeshi, hata ya jirani yetu aliyefia Burma yalikuwa hayo hayo. Anataka neno la mwisho. Hukuliandika.

Shemeji, sitaki ushujaa. Nataka mtu aseme habari za Shitanda yule niliyemjua mimi. Ile hadithi ya uchaguzi aliwasimulia? Mwaka 1963, kabla ya kwenda jeshini, alipanga foleni shuleni tangu alfajiri. Karani akamuuliza amefuata nini, naye akajibu, "Nimekuja kupiga kula." Karani akamwonyesha mama muuza uji. Bwana Shitanda akaenda, akanywa uji, akarudi mwisho wa foleni. Alirudi nyumbani jioni akacheka mpaka akakaa chini. Sisi watu wa hapa l na r ni mapacha, hatujui yupi alitangulia kuzaliwa, lakini yeye alituzidi wote.

Njoo uyaseme hayo. Na uniambie, alisema nini mwisho?

Roda


Lugari
2 Agosti 1967

Bi Roda,

Hadithi ya uchaguzi usiisimulie tena. Nakuomba. Hata kwa watoto usiisimulie.

Neno la mwisho umeuliza mara mbili, basi nakujibu. Alisema jina lako. Alisema "Roda". Alilisema wazi, kwa sauti, Roda, askari wote tuliokuwa pale tukasikia. Kisha akanyamaza. Mwambie mzee wako hivyo, afunge kaburi, uezeke nyumba yako.

Mvua huku ni nyingi. Nimechimba mtaro kuzunguka shamba lote peke yangu. Mke wangu anasema hakuna maji ya kupita hapo. Nitachimba mwingine.

Mukhwana


Iguhu
13 Agosti 1967

Kwa Koplo Mukhwana,

Njia ya mwongo ni fupi. Yako imeishia kwenye herufi moja.

Nilipofungua barua yako nililia. Nililia vizuri, kwa mara ya kwanza tangu ile kofia ije. Nikaenda kwa mama mkwe kumwambia, "Mama, alikufa akitaja jina langu." Nikaanza kulitamka mbele yake, nikakwama.

Mimi ni Roda kwenye cheti cha ubatizo na kwenye mdomo wa padri. Shitanda aliishi nami miaka sita, na siku zote hizo niliitwa Loda. Loda lete maji. Loda mtoto analia. Nilimfundisha, nikamshika taya kwa mkono, akashindwa. Sasa wewe unaniambia kwamba mtu huyo huyo, akiwa anakufa, alitamka Roda wazi kabisa, kila mtu akasikia.

Ungeniandikia Loda, ningekuamini mpaka siku ya kiyama.

Kuna jambo unanificha. Sikuandikii tena mpaka uniambie.

Roda Shitanda


Lugari
27 Agosti 1967

Kwa huyo Roda,

Mimi ni Priscah, mke wa Erastus Mukhwana, mke wa ndoa ya kanisani. Barua zako nimezikuta ndani ya gunia la mbegu. Kusoma najua kidogo na nimesoma jina lako mara nyingi kuliko nilivyotaka. Unamwita shemeji, unamwita aje Desemba, unasema nauli utatoa wewe. Mwanamke gani anamlipianga mume wa mwenzake nauli?

Wacha nikwambie huyo mume unayemvuta ni wa namna gani, pengine utamwacha. Tangu arudi kutoka jeshi, ni mwaka na nusu sasa, hakuli na sisi. Ana sahani yake na chungu chake, anapikanga mwenyewe huko kwa ghala ya mahindi, analala huko huko. Nikipika kuku, ingokho kabisa, anasema ashashiba. Nikamwambia, basi kuna mwanamke anakupikia. Akaenda zake ghalani. Sasa nimejua ni wewe.

Watoto wangu amewaharibu. Kila asubuhi anawapanga mstari, Khisa na dada zake wawili. Sema lala. Sema rarua. Sema kula. Sema kura. Akikosea anarudia, anarudia mpaka mtoto anatapika. Khisa ana miaka mitano. Wiki jana alisema "baba nataka kura" akimaanisha chakula, baba yake akamshika mabega, akamtikisa, akamwambia, "Utakufa na huo ulimi." Halafu akatoka, akaenda kuchimba mitaro yake. Amechimba mitatu. Majirani wanasema tunajificha na vita.

Zamani alikuwa mtu wa mzaha sana huyu. Nilimpendea mzaha. Sasa mtu akicheka karibu naye anaondoka.

Kama umemroga, mrogoe. Kama unamtaka, mchukue na sahani yake.

Priscah Mukhwana


Iguhu
6 Septemba 1967

Kwa dada yangu Priscah,

Asante kwa matusi, yamenisaidia kuliko barua zote za mumeo. Simtaki. Ninaye wangu, na yeye bado sijaweza hata kumzika. Mumeo alikuwa naye siku aliyokufa. Ninachotaka kwake ni ushahidi wake tu, nimtendee marehemu haki.

Dada, umesema ana sahani yake. Sisi ni wa Idakho na nyinyi ni Wabukusu, lakini nadhani wazee wenu na wetu wanasema jambo hili kwa sauti moja. Mwanamume anayekataa kula chungu kimoja na watoto wake si wa mwanamke. Ni mtu anayeona mikono yake ina damu, naye anaogopa watoto wasije wakaila.

Kweli hukulijua hilo, au uliogopa kulijua? Mimi naogopa sasa hivi ninapoandika.

Mpe barua hii. Usiifiche kwenye gunia.

Roda


Lugari
30 Septemba 1967

Roda,

Priscah amenipa barua yako mkononi, akasimama mlangoni mwa ghala mpaka nikaisoma. Kisha akasema, "Andika, la sivyo nitaandika mimi." Hajui cha kuandika. Nitaandika mimi.

Shifta hawakumuua. Siku mbili kabla, shifta waliokuwa wamevaa nguo zetu za jeshi walikaribia kambi ya jirani mchana kweupe, wakaua watu wanne. Kuanzia hapo kila kambi ikawa na neno la siri kila siku. Anayerudi asiyelijua si mwenzetu, anapigwa risasi. Makoplo tulichagua neno kwa zamu. Tarehe 19 zamu ilikuwa yangu.

Ningeweza kuchagua mlima. Ningeweza kuchagua simba. Kalamu ilikuwa mkononi nilipomwona Shitanda amelala chini ya lori akifunga nati, miguu yake tu iko nje, na nikakumbuka hadithi ya uji. Alikuwa ametusimulia mara nyingi. Nikaandika "kura".

Ilikuwa mzaha, Roda. Tulikuwa hatujacheka wiki tatu. Nilifikiri atarudi na maji mchana, atasimamishwa langoni, atasema kula, ataambiwa rudia, na kambi nzima itavunjika mbavu. Nilimpa neno mwenyewe kabla hajaondoka kwenda kisimani. Alicheka akashika mlango wa lori. Akasema, "Koplo, wewe ni mtu mbaya."

Saa nane upepo ukaja na vumbi. Hakuna aliyeona hatua kumi mbele. Lori lilikwama karibu na kambi, yeye akaja kwa miguu, amebeba debe la maji begani. Langoni palikuwa na askari mgeni, wiki yake ya tatu kambini. Aliona kivuli chenye kitu begani. Akauliza neno. Shitanda akajibu, "Kula." Akauliza tena. "Kula." Mara ya tatu, "Kula, kula!"

Mimi nilikuwa nyuma ya askari yule, hatua ishirini. Nilisikia zote tatu. Nilijua ni yeye, maana ulimi ule haukuwa na mwenzake. Nilifungua mdomo kusema, "Mwache, ni wetu." Kilichotoka kwanza ni kicheko.

Nilicheka. Soma tena, sitaandika mara ya pili. Nilicheka kabla ya kusema, na kicheko kilichukua nafasi ya pumzi moja. Ndani ya pumzi hiyo bunduki ikalia.

Alikuwa amekwisha kufa nilipofika. Debe lilikuwa limetoboka. Yule askari alilia, nikamwambia amefanya kazi yake, na ni kweli, alifanya. Ripoti niliandika mimi. Neno shifta ni langu. Ile barua ya jeshi uliyoletewa ilitoka kwenye ripoti yangu.

Sasa unajua kwa nini siwezi kuja. Mwenye damu hasimami kaburini kwa mtu aliyemuua, wala hali kwenye kilio chake. Lakini damu hii sijui hata niipeleke wapi. Nilikwenda kwa wazee wetu mara mbili nitakaswe, na mara mbili nilirudi njiani. Wataniuliza nilimuua kwa kitu gani, mkuki au bunduki? Niseme nilimuua kwa mzaha? Bunduki haikuwa yangu. Neno lilikuwa langu.

Watoto nawafundisha kutenganisha herufi. Priscah anaona ni ukatili. Mimi nikimsikia Khisa akikosea, nasikia lango.

Muulize mzee wako kama mtu wa namna hii ana sheria. Na neno lake la mwisho unalo sasa. Ni kula. Samahani kwamba si jina lako.

Erastus


Iguhu
3 Desemba 1967

Shemeji,

Miezi miwili sikukuandikia, na usidhani barua ilipotea. Nilikuchukia. Nilikuchukia nikichota maji na nikimenya ndizi. Si kwa sababu ya kura, mzaha ni mzaha. Ni kicheko. Nilifika hapo kwenye barua nikaiweka chini nikatoka nje, nikatembea mpaka barabarani na kurudi, mara nyingi, kama wewe na mitaro yako.

Halafu siku moja Teresa aliniita kwa utani, "Mama Loda," kwa sauti ya baba yake. Nikamcheka. Nikakumbuka nilivyokuwa nikimfanyia Shitanda mbele ya wageni, sema tena, baba Teresa, hawajasikia, sema jina la mke wako. Naye alisema kila mara ili watu wacheke. Mimi sikuwa na bunduki karibu, hiyo ndiyo tofauti yetu.

Barua yako niliwasomea mzee Cleophas na mama mkwe peke yao. Mzee aliomba apewe siku tatu. Alirudi akasema hivi: anayeua kwa mkono hali kwenye kilio mpaka atakaswe. Adui anayeua haulizwi. Lakini anayeua kwa utani, ukoo hauna sheria yake, haijawahi kuhitajika, kwa hiyo wenye maiti waamue. Akatuachia sisi wawili.

Nilitaka kusema hapana. Nilikuwa nimeshajiandaa kusema hapana. Mama mkwe akauliza, "Alisema nini mwisho?" Nikamwambia, "Kula, mama." Akauliza tena, nikarudia. Akainuka, akaenda kwenye ile sahani anayoiweka kila jioni, akaifunua. Akasema, "Miaka miwili namwekea chakula, kumbe alikuwa anatuambia sisi. Basi watu wakule. Na huyo naye akule."

Neno la marehemu halipingwi, shemeji. Hata mimi nimelijaribu, limenishinda.

Kwa hiyo sikiliza. Njoo tarehe 15. Utalala kwa mzee Cleophas, atakunawisha mikono kwa maji na majani, kwa namna atakayoitunga mwenyewe kwa kuwa hakuna iliyopo. Tarehe 16 utasimama mbele ya ukoo wote na utasema yote. Usiseme shujaa. Usiruke kicheko. Wengine watakutukana, wapo ndugu zake wawili ambao siwezi kuwasemea. Kisha tutazika mgomba, na baada ya hapo utakula ugali, obusuma wetu, kwenye sahani moja na Teresa. Sahani yako ya ghalani iache kwa Priscah, ailishie kuku. Na uje naye, nataka kumwona mtu aliyenitukana vizuri namna ile.

Watoto waache waseme wanavyosema.

Usidhani nimekusamehe. Pengine nitakusamehe, pengine sitaweza. Kwanza nina paa la kuezeka.

Jambo la mwisho. Ukifika langoni pangu nitakuwa nimesimama mimi, si mtu mwingine, nami nitakuuliza neno. Usinijibu kwa r, kama karani. Jibu kama alivyojibu yeye, hata mara tatu. Mimi nitafungua mara ya kwanza.

Wako,
Loda